Mawe Niliyopakia Siku ya Mavuno

Chekeni tu. Najua mtacheka hata nikiwakataza, kwa hiyo bora nianze kwa kuwapa ruhusa, na mimi mwenyewe siku hizi nacheka kidogo, isipokuwa kuna mahali pamoja (mtapajua tukifika) ambapo mpaka leo nikipakumbuka masikio yanawaka moto. Nimepata aibu nyingi katika maisha ya udereva, lakini ile ya siku ya Mavuno niliipata mbele ya usharika mzima, matarumbeta yakipigwa, nikiwa nimevaa suti ya kuazima.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile kahawa ilipokuwa na bei na kila mtu mlimani anajenga nyumba ya bati. Mimi nilikuwa na chumba Levolosi, pale Arusha mjini, na kazi yangu ilikuwa kuendesha lori la Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Usa River. Madereva walikuwa wengi Arusha, lakini madereva wa tope tulikuwa wachache, na katika hao mimi nilihesabiwa wa kwanza (aliyenihesabu ni mimi mwenyewe, lakini hesabu ni hesabu). Maana udongo wa Meru mnaujua, ukinyeshewa unakuwa sabuni, na lori lisilo na mzigo likifika hapo linatupa matako huku na huku mpaka unaona mkia wa gari lako mwenyewe dirishani. Dawa yake tuliijua sote: lori linasukumwa na magurudumu ya nyuma, basi unalitwisha mawe nyuma, magurudumu yanauma udongo, na likianza kuyumba unakanyaga mafuta, mkia unarudi njiani, unapanda. Uzito nyuma, mguu kwenye mafuta. Kwa hekima hiyo nilipanda milima ambayo wengine walilala chini yake wakingoja jua, na hekima ile ile ndiyo iliyonitia shimoni.

Sasa kulikuwa na msichana, Ruthi, binti wa Mzee Nderingo. Mzee Nderingo alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kihamba kizuri cha kahawa na migomba chini karibu na barabara ya Moshi, na alikuwa mtu wa maneno machache, tena mengi ya hayo machache yalikuwa "hapana". Nilimpelekea mjumbe mara ya kwanza, hapana. Mara ya pili nikamwomba baba yangu mdogo aende mwenyewe, hapana.

"Dereva ni mtu wa njiani," Mzee alimwambia baba mdogo. "Leo yuko Moshi, kesho yuko Babati, keshokutwa hajulikani. Mimi sitampa binti yangu mtu ambaye hafiki."

Mtu ambaye hafiki! Mimi! Neno lile liliniuma kuliko ile hapana yenyewe, maana kama kuna kitu nilikijua duniani ni kufika. Nikaenda mwenyewe, peke yangu, jambo ambalo si adabu, nikasimama uani kofia mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. "Wewe huchoki?"

"Sichoki baba."

Halafu akasema, "Jumapili ijayo ni Mavuno. Mguu wa mama yake Ruthi hauwezi tena kuupanda ule mlima wa kanisani. Utatuchukua, utatufikisha kanisani Akheri. Ukitufikisha, jioni ile ile walete wazee wako tuzungumze. Usipotufikisha, sitaki kukuona tena hapa uani."

"Tutafika baba," nikasema, haraka sana, kabla hajabadili mawazo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufikiri. Mama mkwe mtarajiwa, tena mgonjwa wa mguu, huwezi kumpandisha kwenye lori juu ya magunia. Nikamfuata tajiri wangu, yule Mgiriki, aliyekuwa na gari dogo jeusi la Kifaransa alilolipenda kuliko jamaa zake, nikamwambia shida yangu yote, Ruthi, mzee, mguu, yote. Alicheka mpaka akafuta macho, halafu akanipa ufunguo. Lakini kabla hajauachia mkononi mwangu aliushika kidogo, akaniambia kwa Kiswahili chake kile cha masetla:

"Sikia. Hii gari si lori. Hii gurudumu ya mbele ndiyo iko vuta. Ya nyuma iko fuata tu. Kwa kona ya maji, pole pole, hapana kanyaga. Wewe nasikia?"

"Ndiyo bwana," nikasema, na wallahi sikusikia neno, nilikuwa najiona tayari nimeshika usukani, Ruthi ananitazama.

Jumamosi nililichukua gari nikaenda nalo mjini kuazima suti kwa jirani yangu fundi cherehani, na njiani mvua ya vuli ikaninyeshea, nikaona ajabu: lile gari katika kona zenye maji lilikuwa limeshika chini, linajivuta lenyewe, mkia haupigi hata kidogo. Nikasema moyoni, kumbe hili ni rahisi kuliko lori, Mgiriki anajitia hofu bure. (Hilo nalo liwekeni akilini. Gari likikutii kwenye lami ya mjini, bado halijakutana na Akheri.)

Jumapili asubuhi nikafika kwa Mzee Nderingo, suti imekaa vizuri isipokuwa mikono mifupi kidogo, mbingu nyeusi, mlima wote umefunikwa, na maji yanatiririka kwenye mifereji ya migomba. Sadaka ya Mavuno ilikuwa imepangwa barazani: mikungu ya ndizi, gunia la maharage, na jogoo mkubwa mwekundu aliyefungwa miguu. Ruthi mwenyewe alikuwa ameshatangulia na wanakwaya. Nikautazama mlima, nikayatazama yale mawingu, nikalitazama lile gari jepesi, na kichwa cha dereva wa lori kikafanya kazi yake. Kijito kilikuwa nyuma ya nyumba na mawe ya mviringo tele. Magunia matupu yalikuwa ghalani. Mzee alikuwa ndani anavaa koti.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu. Nilijaza magunia mawili ya mawe, nikayalaza kwenye buti nyuma kabisa, nikaweka gunia la maharage kando yake, nikafunika na majani ya migomba ili nisichafue gari la watu, na juu ya yote nikapanga mikungu. Aliyeniona ni mtu mmoja tu, shangazi yake Ruthi, mama mmoja mnene mwenye mdomo usio na breki.

"Unabeba nini wewe na suti yako?"

"Mambo ya gari, shangazi."

"Haya," akasema, akaendelea kufunga kitambaa chake.

Kisha ikaja kazi ya kukaa. Mama Ruthi asingeweza kukaa mbele pamoja na mimi, hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu: kwetu mama mkwe unamheshimu kwa mbali, humshiki mkono, humtazami usoni, na mkikutana njiani mmoja anapisha, na mimi ingawa bado sikuwa mkwe nilitaka sana kuwa. Mzee naye alikuwa amewaona Wazungu wakubwa wanavyoendeshwa, akajua heshima iko kiti cha nyuma. Nikamgeukia shangazi.

"Mimi nikae mbele na kijana mwanamume," alisema, "watu waseme nimeolewa upya? Sikai!"

Basi wote watatu wakajibana nyuma, na kiti cha mbele nikampa jogoo. Hebu lipigieni picha gari lile: mawe nyuma, maharage nyuma, ndizi nyuma, wazee watatu nyuma, na mbele mimi na jogoo. Pua ya gari ilikuwa inatazama mbinguni. Nikalizunguka mara moja, nikaona limekaa vizuri kama lori lenye mzigo, nikafurahi.

Tulianza safari vizuri. Tulipoiacha barabara kubwa na kuanza kupanda, nikahisi usukani umekuwa mwepesi ajabu, unauzungusha kwa kidole kimoja, na mimi badala ya kuogopa nikausifu. Magurudumu ya mbele yakawa yanapiga kelele kidogo, yanazunguka kuliko tunavyokwenda. Mzee akasema mara moja tu, "Taratibu." Nikasema ndiyo baba. Tulipita watu wanaopanda kwa miguu, viatu mkononi, vikapu kichwani, wengine wakilitazama lile gari kwa jicho baya, maana wakati huo habari ya ardhi kati ya watu wetu na masetla ilikuwa imechacha, na gari la setla kupanda kwenda kanisani kwetu halikuwa jambo la kushangiliwa. Nikajisemea kwamba tukifika watanyamaza.

Kona yenyewe iko chini kidogo tu ya kanisa. Barabara inapanda, halafu inakata kushoto ghafla, na upande wa kulia, ukingoni, palikuwa na shimo la maganda ya kahawa, pale ambapo wakulima walimenyea kahawa yao. Msimu ulikuwa unaisha, shimo limejaa mpaka juu, na maganda yale yakikaa na maji ya mvua yanaumuka, yanachacha, harufu yake inapiga mpaka kichogoni. Na juu ya kona, chini ya upenu wa kanisa, usharika wote ulikuwa umejikinga mvua ukiwa unatazama barabarani, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Kwaya ilikuwa pale. Ruthi alikuwa pale. Matarumbeta yalikuwa pale, na walipoona gari linakuja na mikungu ya ndizi imechungulia kwenye buti, wakaanza kupiga.

Ningeingia kona ile taratibu, hadithi isingekuwepo. Lakini matarumbeta yanapigwa kwa ajili yako, Ruthi anatazama, na mlima unataka nguvu, nikaongeza mwendo kidogo, nikakata usukani kushoto.

Gari likaenda mbele.

Nikakata zaidi. Likaenda mbele. Usukani niliuzungusha mpaka mwisho wake na gari likaendelea kunyoosha kana kwamba nimeshika usukani wa gari la jirani. Basi nikafanya kile kilichoniokoa mara zisizo na idadi, nikakanyaga mafuta ili mkia uje. Mkia haukuja. Injini ilinguruma, magurudumu ya mbele yakazunguka bure juu ya ule utelezi, na tukaenda moja kwa moja shimoni, na kilichonitesa ni kwamba tulikwenda polepole. Ajali ya haraka ina heshima yake. Sisi tulikwenda mwendo wa ng'ombe, niliweza kuona uso wa kila mtu pale juu, na nikasikia matarumbeta yakinyamaza moja baada ya jingine, mpaka likabaki lile kubwa peke yake likitoa mlio mmoja, nalo likanyamaza.

Pua ya gari ikazama kwenye maganda mpaka kwenye taa. Jogoo akawika.

Mzee Nderingo alifungua mlango wa upande wake, akashuka kwa heshima zake zote, mguu ukateleza, akakaa chini ndani ya maganda akiwa na koti lake la kanisani. Shangazi akatoka nyuma yake akimwita Yesu. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nimezama mpaka kiunoni (suti, jamani, suti ya watu), na nikaona maganda yanaingia kwenye gari kupitia mlango wa mbele niliouacha wazi, na mama Ruthi amekaa kiti cha nyuma, upande wa shimo, ameinua miguu. Vijana walikuwa wanakuja mbio kutoka kanisani, lakini wakifika ukingoni wanasimama, wamevaa nguo nyeupe za sikukuu, kila mmoja anamtazama mwenzake. Aliyekuwa ndani ya shimo ni mimi. Mtu wa kumtoa ni mimi, na mimi ndiye mtu pekee katika mlima mzima wa Meru nisiyepaswa kumgusa.

Mama Ruthi hakuniangalia. Alitazama mbele, akasema kwa sauti ya utulivu, "Shangazi yake Ruthi, mwambie huyo kijana ageuze mgongo."

"Anasema ugeuze mgongo," shangazi akaniambia, ingawa nilikuwa karibu kuliko yeye.

Nikageuza mgongo, nikafumba macho kabisa, nikainama, nikahisi mikono imenishika mabegani, nikambeba. Nilitembea ndani ya maganda yale hatua kwa hatua, macho nimefumba, shangazi akiniongoza, "Kushoto! Kushoto zaidi! Huko ni kulia, wee!", na kila nikihisi mguu unataka kuteleza nilijiambia, ukianguka na huyu mama, nenda moja kwa moja Babati usirudi tena. Sikuanguka. Nilipomfikisha barabarani, mwanamke mmoja mchokozi pale juu akapiga kigelegele. Mahali nilipowaambia masikio yanawaka ni hapo.

Mzee alikuwa ameinuliwa, anadondosha maganda. Akanitazama.

"Tumefika?"

Niliangalia kanisa. Lilikuwa pale juu tu, ungeweza kurusha jiwe likafika.

"Bado baba."

"Basi?"

"Tutafika."

Watu wakasema acheni gari hapo, mama atabebwa kwa kiti, hakuna haja. Lakini nilikuwa nimetoa neno, na neno lilikuwa kufikisha, si kufikisha karibu. Nikawaomba vijana, wakavua mashati, wakainyanyua pua na kulirudisha gari barabarani. Nikaliwasha, nikajaribu kupanda. Magurudumu ya mbele yakazunguka palepale. Nikajaribu tena. Nikashuka, nikachuchumaa kwenye tope, nikatazama: magurudumu ya nyuma yamezama chini kwa uzito, hayana kazi yoyote, na ya mbele, yenye kazi yote, yamegusa udongo kwa shida. Hapo sauti ya Mgiriki ikanijia wazi kuliko aliponiambia. Ya nyuma iko fuata tu! Yale ya mbele ndiyo yanayovuta na ndiyo yanayokata kona, kazi mbili kwa gurudumu moja, na mimi nilikuwa nimemwondolea punda chakula nikakipakia kwenye mkokoteni. Kisha kwenye kona, punda ameshashindwa kugeuka, nikamchapa avute zaidi. Ningeachia mafuta tu kidogo, nikanyoosha usukani magurudumu yaume tena, tungepita. Nilijiona mjinga, lakini angalau mjinga aliyeelewa.

"Toeni vyote vilivyoko nyuma!" nikawaambia vijana. Na wale vijana, kwa kuwa walilelewa vizuri, wakatoa vyote na kuvipeleka juu kanisani, mbele ya madhabahu, pamoja na sadaka za wengine. Akili yangu ilikuwa kwenye magurudumu. Mawe niliyasahau kabisa.

Kisha nikawaambia waligeuze gari, mkia uelekee mlimani. Wakadhani nimekata tamaa, narudi nyumbani.

"Tunapanda kinyumenyume," nikasema. "Uzito wote utalalia magurudumu ya mbele."

Mama alipanda tena kiti chake (kwa msaada wa shangazi safari hii, Mungu ni mwema), na shangazi nikamwambia akae mbele, na hakubisha, akampakata jogoo. Mzee Nderingo alisimama akisikiliza. Akauliza, "Unataka uzito mbele?" Nikasema ndiyo baba. Basi yule mzee wa kanisa akafunga vifungo vya koti lake lililochafuka, akaweka kofia sawa, akapanda akakaa juu ya boneti ya gari, vijana wawili wakakaa mmoja kila upande wake, akaniambia kupitia kioo, "Endesha."

Tulipanda mlima wa kanisa kwa mgongo. Mzee akitazama tulikotoka, mimi shingo imepinda natazama tunakokwenda, taratibu, sikanyagi, gari linauma udongo, linasukuma, na pale juu yule wa tarumbeta kubwa akaanza kupiga tena na wenzake wakamfuata. Tukaingia uwanjani. Mzee akashuka.

"Tumefika," nikasema.

"Kinyume," akasema shangazi.

Nilidhani yamekwisha. Niliketi nyuma kabisa, peke yangu, kwa sababu ya harufu. Ibada ikaenda vizuri, nikaimba, nikamshukuru Mungu. Halafu ukaja mnada wa sadaka, wakauza mikungu, wakauza mbuzi wa mtu, jogoo wetu akapata mnunuzi, na mnadishaji akatangaza, "Gunia la maharage la Mzee Nderingo!" Kijana mmoja akajaribu kuliinua, likamshinda, akaongezwa wa pili. Watu wakashangilia kwa uzito ule, jamani mzee amemtolea Mungu, wakapandiana bei. Hapo ndipo nilipoyakumbuka mawe. Aliyeshinda akaja mbele, akataka kuona bidhaa yake, akafungua kamba.

Mawe yakamwagika sakafuni. Mnajua sauti ya mawe kwenye sakafu ya saruji kanisani? Jiwe moja lilibingirika polepole mpaka kwenye miguu ya mchungaji.

Nilimwona Mzee Nderingo. Alikuwa amesimama na lile koti lenye maganda, mtu aliyeheshimiwa mlima mzima, na watu wanamtazama kama mtu aliyeficha mawe chini ya ndizi ili asifiwe. Aliyejua ukweli ni mimi, na labda shangazi, aliyekuwa amegeuka taratibu ananitafuta kwa macho. Mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi. Nawaambia kweli, niliutazama.

Halafu nikasimama.

"Hayo mawe ni yangu," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mzee hajui. Maharage yake yapo, ni gunia jingine. Mawe niliyaweka mimi kwenye buti ili gari lisiteleze."

Kisha mzee mmoja wa mbele akauliza kwa upole kabisa, anataka tu kuelewa, "Na halikuteleza?"

Kanisa lilivunjika mbavu. Walicheka mpaka watoto wakaamka wakaanza kulia, mchungaji alijifanya anatafuta kitu chini, na Ruthi nilimwona amefunika uso wote kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika. Nikangoja. Kicheko kilipopungua nikasema, "Yameletwa Mavuno, basi si ya kurudishwa bure. Nayanunua mimi." Nikatoa nilichokuwa nacho mfukoni, chote, nikaenda mbele, nikayaokota moja moja, na yalikuwa magunia mawili kwa hiyo nilipita katikati ya kanisa na mawe mgongoni mara mbili.

Jioni baba mdogo alisema tusiende. "Aibu nayo ina mpaka," alisema. Nikamwambia kwamba Mzee Nderingo hakusema "salama", wala hakusema "bila mawe", alisema nikiwafikisha. Nimewafikisha. Nilikuwa nimeyarudia maneno yale kichwani neno kwa neno. Tukaenda, kwa miguu.

Walikuwa wamekaa barazani, wameshaoga. Wazee wangu wakasalimia, wakaketi, Mzee Nderingo anachezea fimbo yake. Nikajua anatafuta namna ya kusema hapana mbele ya wageni. Ndipo mama Ruthi, aliyekuwa ameketi ndani nyuma ya mlango kama ipasavyo, akasema bila kujitokeza:

"Shangazi yake Ruthi, waambie hao wazee kwamba leo nimebebwa na magari mawili. La pili halikuteleza."

Shangazi akafungua mdomo kuturudishia maneno, Mzee akamnyamazisha kwa mkono. Aliutazama mlango, akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

"Leteni chai," akasema Mzee Nderingo. "Wageni watazungumza mpaka usiku."

Suti niliilipa, fundi cherehani hakutaka hata kuinusa. Gari nililiosha mtoni siku nzima na bado Mgiriki alilifungua, akavuta pumzi, akasema, "Hii gari imelewa," na hakunipa ufunguo wake tena mpaka aliporudi kwao. Niliendesha lori miaka mingi baada ya hapo, na magari madogo pia, na niliapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba sitaingia kwenye gari la mtu kabla sijauliza ni gurudumu gani linafanya kazi, na kona ya maji nitaingia kama mwizi.

Mawe mengi tuliyatia kwenye msingi wa nyumba. Matatu Ruthi aliyachagua mwenyewe, akayaoshea kijitoni, akayafanya mafiga. Jikoni kwetu amepika juu yake maharage miaka yote hii, na nikichelewa kurudi safari husema kwa sauti, nikiwa bado mlangoni, "Na halikuteleza?" Mimi hukaa, hunywa chai yangu.